Siku Mia Tatu na Moja

Picha iliingia kwenye kundi saa moja na dakika kumi asubuhi, wakati Rael amesimama nyuma ya ng'ombe wa watu huko Plateau, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mnyama mpaka karibu na bega. Simu ililia mfukoni mwa ovaroli. Ikanyamaza, ikalia tena. Hakuipokea. Mpandishaji ng'ombe ana mikono miwili tu, na kazi inaitaka yote.

"Nikushikie, Daktari?" aliuliza Janice, mwenye ng'ombe, aliyekuwa ameshika mkia ili usimpige Rael usoni.

"Wacha ilie. Ni dakika mbili tu."

Rael hakuwa daktari. Alikuwa na cheti cha upandishaji, leseni, pikipiki na mtungi wa naitrojeni wenye mbegu za madume zilizogandishwa ndani ya mirija myembamba. Lakini wafugaji wa sehemu hizo humwita daktari mtu yeyote anayefika na glavu ndefu, naye alikuwa amechoka kuwarekebisha tangu mwaka wa kwanza. Huu ulikuwa wa tisa.

Ndipo simu ya Janice nayo ikalia. Janice aliitoa kwa mkono uliobaki, akatazama, akasoma. Mkono wa pili uliachia mkia bila mwenyewe kujua. Mkia, uliokuwa umelowa kinyesi, ulimpiga Rael shavuni.

"Mama Diana," Janice alisema, na Rael akatambua kwamba ameitwa kwa jina la binti yake, si Daktari. "Hiyo mbegu umeweka, ni ya nini haswa?"

"Ni ile uliyochagua. Friesian. Nimekuonyesha jina kwa mrija kabla sijaiweka."

"Umenionyesha, ndiyo. Lakini mimi nitajua aje kilicho ndani?"

Rael alivua glavu, akajifuta uso kwa kiwiko, akasoma simu yake mwenyewe.

Kundi liliitwa Maziwa Yetu Pioneer na Plateau. Lilikuwa na wafugaji mia nne na kumi na wawili. Aliyeandika alikuwa Mungai, karani mstaafu aliyefuga ng'ombe wanne mwisho wa mtaa wa Pioneer. Alikuwa ameweka picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ndama jike, rangi ya kahawia, mwenye ncha nyeupe ya mkia, aliyezaliwa alfajiri hiyo ya tarehe tatu Aprili. Ya pili ilikuwa kadi ya upandishaji, yenye mwandiko wa Rael, jina lake kamili na namba yake ya simu. Chini yake:

"Nililipa elfu tatu na mia tano nikaambiwa ni mbegu ya Friesian kutoka ng'ambo. Ng'ombe yangu ni nyeusi na nyeupe. Baba pia aliambiwa ni mweusi na mweupe. Oneni nilichopata. Kadi ni hii, mtu ni huyu. Jihadharini."

Rael alipofika kwa pikipiki yake, majibu yalikuwa sitini. Alipoingia Pioneer, yalikuwa yamepita mia mbili.

*

Mumewe, Kigen, alikuwa na karakana ya kuchomelea milango na madirisha kando ya nyumba yao. Alikuwa ameyasoma yote kabla Rael hajavua buti.

"Daktari wa maji," alisoma kwa sauti, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. "Huyu anakuita daktari wa maji, eti unaweka maji badala ya mbegu. Huyu anasema wanawake wakae jikoni. Huyu, Ogola, ni nani huyu?"

"Nimempandishia ng'ombe sita. Zote zilishika mimba."

"Anasema unyang'anywe pikipiki. Na Mzee Kipkemboi! Mzee wa kanisa letu! 'Huyu mama ni mwizi kama wezi wengine, na akanyage kwangu aone.' Mzee wa kanisa, Rael!"

"Nimeona."

"Umeona na unakunywa chai?"

Rael alikuwa anakunywa chai kwa sababu ilikuwa saa nne na hakuwa amekula kitu. Simu ililia, namba asiyoijua. Alipokea. Sauti ya mwanamume ilimuuliza kama anauza maji kwa lita au kwa mrija, kisha wengine wakasikika wakicheka nyuma yake, na simu ikakatwa. Kufikia jioni walikuwa wamepiga kumi na wanane. Mfugaji aliyetaka huduma hakuwa hata mmoja.

Kufikia siku ya tatu mambo yalikuwa yamehama kutoka kwa ndama. Mtu mmoja aliandika "nyinyi watu wa hapa," mwingine akamjibu "na nyinyi mliokuja," na katika Eldoret maneno hayo mawili yakiandikwa yakifuatana, watu wazima wanaokumbuka ghasia za uchaguzi huweka kijiko chini. Msimamizi wa kundi, Wilson Wamalwa, afisa mifugo mstaafu, aliyafuta yote mawili na kuandika kwa ufupi: "Hapa tunazungumza ng'ombe." Waliobaki wakaendelea kumzungumza Rael.

Kwa kawaida Rael alipandisha ng'ombe wanne au watano kwa siku. Wiki ile alipandisha mmoja, wa bibi mmoja asiyekuwa na simu. Ijumaa alikwenda mjini kujaza naitrojeni, kwa sababu mbegu hazijali kama una wateja au huna. Mtungi ukikauka zinakufa. Kijana wa duka la dawa za mifugo, aliyekuwa akimpokea kwa heshima miaka yote, aliinua mtungi na kuutikisa.

"Leo tunajaza gesi ama tunajaza maji?"

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Rael alilipa, akahesabu chenji yake, akafunga mtungi kwa mpira nyuma ya pikipiki. Ni alipofika nyumbani tu ndipo alipogundua kwamba alikuwa ameacha stakabadhi kaunta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Diana, binti yake wa kidato cha pili, alimkuta ameketi mezani.

"Mama, darasani wananiuliza kama ni kweli."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia sijui." Msichana alitazama chini. "Si ni ukweli? Sijui. Wewe hujasema kitu."

Hakuna kati ya wafugaji mia nne na kumi na wawili aliyekuwa amesema jambo la maana kama hilo.

"Niletee vile vitabu vya kadi," alisema. "Vya mwaka jana. Na kalenda."

*

Kila kadi aliyoandika ilibaki na nakala yake ya kaboni kitabuni. Aliipata ya Mungai bila taabu: tarehe sita Juni, ng'ombe aitwaye Nyambura, jina la dume, namba ya mrija. Aliweka kidole kwenye kalenda akaanza kuhesabu, mwezi baada ya mwezi, mpaka tarehe tatu Aprili. Akaandika jibu, akahesabu tena akianzia mwisho.

Siku mia tatu na moja.

Ng'ombe hubeba mimba siku mia mbili na themanini hivi. Akizidisha, huzidisha siku chache. Hazidishi wiki tatu. Na wiki tatu, siku ishirini na moja, ndio muda ambao ng'ombe asiyeshika mimba huchukua kabla ya kuingia joto tena, yaani kutaka dume. Mfugaji yeyote anajua hilo. Ndilo jambo la kwanza analofundishwa. Mbegu ya Rael haikushika. Nyambura alirudi joto tarehe ishirini na saba Juni, na siku hiyo alipandwa na dume mwingine.

Tarehe ilikuwa kwenye kadi. Kadi ilikuwa kwenye picha. Mungai ndiye aliyeipiga, akaituma kwa wafugaji mia nne wanaohesabu siku za mimba maisha yao yote, na kwa siku nane wote waliisoma kadi ile wakitafuta jina.

"Piga picha ya kalenda," alisema Kigen. Alikuwa amesimama nyuma yake, ananuka moshi wa chuma. "Weka sasa hivi. Wamle yeye mzima mzima."

"Ndiyo maana siiweki."

"Unamwonea huruma?"

"Simwonei. Kalenda inasema si mimi. Haisemi ni nani. Nikiweka hii, watu watatafuta ni nani." Alifungua daftari lake dogo la kazi, akatafuta tarehe ishirini na saba Juni. Alisoma mstari, akalifunga taratibu. "Tena siku hiyo nilikuwa hospitali ya Plateau na mama yako. Simu nilizima kutwa nzima. Kama walinipigia, hawakunipata."

Kigen alishusha miwani ya kuchomelea machoni, ingawa hakukuwa na cha kuchomelea ndani ya nyumba.

*

Mungai alimpokea langoni bila kulifungua.

"Umekuja kurudisha pesa?"

"Nimekuja kuona ndama, Mzee. Na kuhesabu. Una kalenda?"

Alikuwa nayo, kubwa, ya kanisa, ukutani sebuleni, na ya mwaka uliopita ilikuwa bado imening'inia chini yake kwa sababu Mungai hakutupa karatasi yenye tarehe. Mkewe, Wacera, alileta chai kabla ya kuombwa, akasimama mlangoni akiwa ameshika sinia kifuani.

Rael hakuhutubu. Alimwomba Mungai ahesabu mwenyewe. Mungai alikuwa karani miaka thelathini na mmoja na alihesabu kama karani, kwa kalamu, akiandika jumla ya kila mwezi pembeni. Mwisho aliandika 301. Aliitazama. Akatoa 280 chini yake, akapiga mstari, akaandika 21.

Nje ndama alilia.

"Ilirudi joto," Mungai alisema mwishowe, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Lakini mimi ningejua."

"Ulikuwa Nyeri," alisema Wacera. "Kwa mazishi ya mjomba."

Mungai aligeuka.

"Nilipigia Daktari mara tatu, simu imezimwa. Ng'ombe inapiga kelele, inapanda zingine, na unajua joto haingoji mtu. Nikaipeleka hapo kwa Mzee Kipkemboi. Ndume yake ya kahawia. Nilimlipa mia tano."

"Na hukuniambia!"

"Ungerudi uniulize kwa nini nimeharibu ng'ombe ya mbegu ya ng'ambo. Ulikuwa umeambia kila mtu. Nikasema labda ile ya kwanza ilishika, labda ndama itatoka nyeusi." Alimgeukia Rael, sinia bado kifuani. "Asubuhi ile nilikuwa nakamua. Kurudi ndani nakuta ameshaandika. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni walikuwa wameshakutukana sana, Mama Diana. Nikaogopa wataanza na mimi."

Rael alikunywa chai. Ilikuwa na majani mengi, kama anavyoipenda.

"Mzee," alisema, "namba yangu ilikuwa kwenye hiyo kadi. Uliiona. Kwa nini hukunipigia kwanza?"

Mungai alivua miwani akaifuta kwa shati. Alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa.

"Nilikuwa na hasira. Halafu watu wakaanza kujibu. Dakika tano, watu thelathini wananiambia niko sawa. Kwa ofisi nilikaa miaka thelathini na moja, hakuna siku watu thelathini waliniambia niko sawa." Alivaa miwani. "Ilikuwa tamu. Sitakudanganya."

Aliandika ujumbe palepale, Rael akiwa ameketi. Aliuandika kwa uangalifu wa barua ya serikali: kwamba amehesabu siku, kwamba ng'ombe alirudi joto akapelekwa kwa dume, Mungai mwenyewe akiwa safarini, kwamba Rael hana kosa, kwamba anaomba radhi. Rael alitaka aondoe maneno "nikiwa safarini." Mungai alisema taarifa isiyo kamili si taarifa. Akabonyeza.

Waliofuata hawakuchukua hata dakika mbili.

"Mzee ukisafiri kumbe kuna ndume anapitia nyumbani."

"Chunga watoto pia uangalie rangi."

Kulikuwa na zile nyuso ndogo za manjano za kucheka, safu kwa safu. Mmoja wa waliocheka alikuwa Ogola. Wacera hakuwa ameshika simu, lakini aliziona nyuso zao, akaweka sinia chini akatoka nje kwa ndama.

Kwa siku nane Rael hakuwa ameandika neno katika kundi lile. Sasa aliandika: "Mimi ndiye niliyetukanwa, na mimi ndiye nasema imetosha. Huyo mama alifanya kile ambacho kila mmoja wenu angefanya ng'ombe ikiwa na joto na mpandishaji hapatikani. Asiyepatikana nilikuwa mimi." Kisha akampigia Wamalwa.

"Funga mlango, Mzee Wamalwa," alisema. "Tafadhali."

Dakika moja baadaye kundi lilikuwa kimya. Msimamizi peke yake ndiye aliyeweza kuandika, naye aliandika mstari mmoja: "Jumamosi saa nne, kituo cha maziwa. Wenye maneno waje nayo."

*

Walikuja wengi kuliko siku ya malipo. Wamalwa alikuwa amepita saiba, duka la kompyuta mjini, na kuchapisha ujumbe wote wa matusi, kila mmoja kwenye karatasi yake, jina la mwandishi juu. Zilikuwa karatasi thelathini na nne. Wenye majina walikuwepo kumi na saba. Aliwagawia kama mwalimu anayerudisha mitihani, uso hauna kitu.

"Sitasoma mimi," alisema. "Mimi si mtangazaji. Kila mtu atasimama amsomee mhusika mwenyewe, hapa, kama alivyoandika. Rael yuko pale, Mungai na mkewe wako pale. Aliyeandika jambo la kweli hana haja ya kuogopa. Ogola, anza."

Ogola, mtu mnene mwenye lori, alisimama. Alisoma "Anyang'anywe pikipiki," akakohoa, akatazama karatasi, akatazama Rael ambaye alikuwa ameketi kwenye kreti la maziwa akimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja.

"Hii ingine siwezi kusoma," alisema.

"Mwandiko haueleweki?" aliuliza Wamalwa.

Watu walicheka, na Ogola naye akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mama Diana, ng'ombe zangu sita. Zote zilishika. Sijui nilikuwa nawaza nini. Mama Wacera, na wewe pia. Nisameheni." Alikunja karatasi ndogo kabisa, akaketi.

Baada ya hapo hakuna aliyemaliza kusoma yake. Wengine walisoma maneno mawili. Mmoja alisema simu ilikuwa na mtoto, na Wamalwa akamwuliza mtoto ana miaka mingapi na kama anafuga.

Mzee Kipkemboi alisimama mwisho, akavua kofia. Aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu, kisha akaomba miwani ya jirani yake.

"Huyu mama ni mwizi," alisoma, na sauti ya kanisani ikamtoka bila kutaka, nzito na taratibu. Akaishia hapo. "Nisaidieni. Hiyo ndama ilikuwa aje? Siku ile sikuwa na miwani. Niliona watu wamekasirika, nikakasirika."

Mungai alimpelekea simu, picha ikiwa imekuzwa. Mzee Kipkemboi aliinamia. Alitazama ndama wa kahawia, akafika kwenye ncha nyeupe ya mkia, akabaki hapo.

"Aah," alisema. "Huyu ni wangu."

Kicheko kilichofuata kiliwafanya waliokuwa nje wachungulie dirishani. Kipkemboi mwenyewe alikipokea akiwa amesimama, kofia mkononi, kichwa kikitikisika.

"Mia tano nilichukua, mama huyu alinipa mkononi," alisema kilipotulia. "Halafu nikakaa chini ya mti wangu nikamwita mwingine mwizi. Rael, binti yangu, nilisema ukanyage kwangu uone. Kanyaga. Utaona chai."

Rael alisimama. Hakupenda kuzungumza mbele ya watu, na hakuzungumza sana.

"Tarehe ishirini na saba Juni nilizima simu," alisema. "Nilikuwa na mgonjwa, lakini kuzima ni kosa langu. Kuanzia sasa, nisipopatikana kuna namba ya pili kwenye kadi, ya mwenzangu wa Plateau. Na mbegu isiposhika, ninarudia bila malipo. Iko nyuma ya kadi. Nadhani watu hawageuzi kadi."

"Na sisi?" aliuliza Wacera. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Yeye amerekebisha ya kwake. Na sisi je?"

Walibishana nusu saa, kama inavyopaswa. Mwisho walikubaliana jambo moja, nalo Wamalwa akaliandika juu kabisa ya ukurasa wa kundi: anayemlalamikia mtu kwa jina ampigie kwanza, na akija kuandika, aanze kwa kusema alijibiwa nini. Asiyefanya hivyo, maneno yake yatamngoja kwenye karatasi Jumamosi.

"Na shilingi kumi ya kuchapisha ni yake," aliongeza. "Nimetumia mia tatu na arobaini zangu."

*

Aprili ilipokaribia kwisha, Rael alikuwa Plateau tena, nyuma ya ng'ombe yuleyule wa Janice. Safari ya kwanza mbegu haikushika, na Janice alikuwa amepiga simu mwenyewe, kwa aibu kidogo, kuuliza kama yale maneno ya nyuma ya kadi ni kweli. Yalikuwa kweli. Sasa alishika mkia kwa mikono yote miwili, barabara, kama mtu anayelipa kitu.

Asubuhi ile Rael alikuwa ametoka kwa Mungai. Ndama wa kahawia alikuwa amenenepa, na Wacera alikataa katakata kumuuza. Mungai aliwaonyesha wageni ndama huyo kama alivyokuwa akionyesha kadi zamani, akiwaeleza siku mia tatu na moja hata wasipouliza.

Simu ililia mfukoni.

"Nikushikie, Daktari?"

Mkono wa kushoto ulikuwa ndani mpaka karibu na bega, wa kulia umeshika mrija. "Nishikie. Weka sikioni."

Janice alishika mkia kwa mkono mmoja, wa pili ukatoa simu, akaibonyeza, akaiweka kwenye sikio la Rael. Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua, kali, iliyojizuia.

"Ni huyo mama wa kupandisha ng'ombe? Jina langu Faith, niko kwa kundi. Nina malalamiko na wewe. Nimekasirika kabisa. Lakini wamesema nikupigie kwanza."

Rael alisukuma mrija taratibu mpaka mahali pake, akatabasamu kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Umefanya vizuri," alisema. "Anza na tarehe. Nakusikiliza."